Ndunge wa Jarida la Kiwanda

Rodah Ndunge Kyengo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961 hapa Ngoliba, mtoto wa pili wa marehemu Muli na marehemu Katunge. Alisoma hapa mpaka darasa la saba, halafu sekondari Machakos. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1980.

Mwaka wa 1982 aliandikwa kazi katika kiwanda cha nguo Thika, upande wa kufunga mizigo, baadaye ofisini.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa kanisani na Kyengo, mchonga mawe, ambaye hakwenda shule. Waliishi mtaa wa Landless, Thika.

Mwaka wa 1996 alipewa kazi ya kuandika jarida la kampuni. Kabla yake lilikuwa ni picha za wakubwa tu, na wafanyakazi walilitumia kufungia mandazi. Yeye aliandika nani amezaa, nani amefiwa, mashine gani imemkata nani kidole. Kabla halijaenda kuchapwa, alimsomea mumewe nyumbani. Alimwambia, "Ukisinzia, Kyengo, hapo ndipo nitakapofuta."

Siku moja mumewe aliuliza, "Huyu mkurugenzi umemtaja mara tatu. Kwani amefiwa?"

"Hajafiwa."

"Basi punguza."

Alicheka mpaka akaweka karatasi chini. Na alipunguza. Alipostaafu mwaka wa 2021, kampuni ilimwomba aendelee kuliandika.

Februari 2024 alipatikana na saratani ya koo. Alihamia kwa binti yake Wavinya, Gatongora, awe karibu na hospitali. Dawa hazikusaidia. Sauti ikaisha. Jarida la mwisho aliliandika kitandani, Wavinya akamsomea baba yake. Lilikuwa na harusi moja, na kifo cha fundi Muthoka. Juu yake mwenyewe aliandika hivi tu: "Mhariri ni mgonjwa."

Mumewe akasema, "Mama Wavinya, hiyo ni kidogo. Ongeza."

Alitikisa kichwa. Akaomba kalamu, akaandika. Wavinya akasoma: "Miaka yote unaniambia nipunguze."

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, alfajiri. Mwezi huo jarida halikutoka.

Ameacha mume, Kyengo, watoto wawili, Wavinya na Kaleli, wajukuu watatu, na dada yake, Mbithe.

Haya ni maneno ya mumewe. Wavinya aliyaandika, akaongeza sifa, halafu akamsomea, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Sifa zilikuwa nyingi, na zote za kweli. Mzee akasema zitolewe.

Pumzika, Ndunge. Nimepunguza.