Mwalimu Punnoose Cherian, Mfafanuzi wa Bajeti ya Jimbo, 1946–2024

Marehemu Punnoose Cherian alizaliwa tarehe 14 Agosti 1946 karibu na Kottayam, katika jimbo la Kerala. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Cherian, mkulima wa miti ya mpira, na Bi. Saramma. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake, Itty. Atakayesimulia maisha ya Punnoose na kumwacha Itty nje atakuwa amesema uongo mbele ya jeneza. Marehemu mwenyewe aliagiza wivu wake usifichwe.

Wote wawili walisoma shule ya parokia. Mwaka ambao Itty aliongoza mtihani wa hesabu, mama yao alimpa kichwa cha samaki, kipande cha heshima. Punnoose akasukuma sahani yake, akasema amefunga.

"Umefunga nini wewe?" mama akauliza. "Kwaresima imekwisha tangu lini!"

Punnoose alipata shahada ya uchumi mwaka 1967 na ya uzamili mwaka 1969, akafundisha chuoni Kottayam hadi alipostaafu mwaka 2001. Itty naye aliajiriwa na idara ya fedha ya jimbo huko Thiruvananthapuram, mahali bajeti yenyewe inapotayarishwa.

Tarehe 6 Mei 1974 Punnoose alifunga ndoa na Eliyamma, muuguzi. Walijaliwa watoto wawili. Alikuwa mume mwaminifu na baba mkali aliyetimiza ahadi zake. Hakupokea rushwa wala hakuwafundisha wanafunzi kwa malipo ya pembeni. Haya ni mema yake, na hayafutwi na yanayofuata.

Wengi waliokuja leo walimjua kupitia maktaba ya kijiji. Kila mwaka, jioni ya siku waziri wa fedha aliposoma hotuba ya bajeti, watu walikusanyika pale, wakala mihogo na samaki wa pilipili, kisha Mwalimu akasimama mbele ya ubao. Aliwafundisha kwamba serikali ya jimbo hukusanya kodi na kupokea mgawo kutoka serikali kuu huko Delhi, halafu hutumia zaidi ya hapo. Na kinachopungua, ambacho lazima kikopwe, ndicho nakisi. Mkopo si mapato. "Ukikopa uchimbe kisima, wajukuu watakunywa," aliwaambia. "Ukikopa ununue wali, wajukuu watalipa na hawakuonja." Serikali inayokopa ili ilipe mishahara, pensheni na riba za mikopo ya zamani, alisema, inakula wali wa wajukuu.

Mwaka 2004 Itty alistaafu, akajenga ng'ambo ya ua wa nyumba ya kaka yake. Watu wakaanza kusema, "Tumsikie na yule aliyeipika bajeti yenyewe." Maneno hayo yakamfikia Punnoose. Itty alipozungumza maktabani, yeye alikaa nyuma na kuhesabu vicheko. Akifika nyumbani alimuuliza mkewe, "Wamecheka kuliko kwangu?"

"Nenda kalale, mzee," Eliyamma alimjibu. "Mtu hushindana na nduguye kwa kicheko?"

Mwaka 2006, jioni ya bajeti, Punnoose hakutaka kumngoja mdogo wake, ambaye basi lake kutoka mjini lilichelewa. Alichukua jumla ya mapokezi ya serikali, yaani fedha zote zilizoingia, akatoa matumizi, akaandika ubaoni tofauti ndogo kama chembe. "Nakisi hii haifiki hata pengo la meno ya mtoto!" akatangaza.

Varkey, mwenye duka la chai, akapaza sauti: "Mwalimu, pengo likiwa dogo hivyo, mbona mkandarasi wa barabara yetu hajalipwa? Au yeye ndiye jino lenyewe?"

Maktaba yote ikacheka. Itty alikuwa ameingia wakati huo na kusoma ubao. Aliona kosa mara moja: katika jumla ile mikopo ilikuwa imo ndani. Kaka yake alikuwa amehesabu deni kama mapato, kosa lile lile alilowakanya watu maisha yake yote, kwa sababu ya haraka ya kumtangulia.

Itty akaokota chaki. "Kaka hajamaliza," akasema. "Bado hajatoa mikopo. Endelea, Kaka." Akampa chaki mkononi.

Punnoose alimaliza hesabu na watu wakapiga makofi. Tangu jioni ile hakukanyaga tena kwa Itty, wala kwenye maktaba ile. Kukosolewa angevumilia. Kusitiriwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimwonea wivu hakuweza kuvumilia. Wivu una tabia hiyo: hugeuza wema wa mwenzio kuwa tusi, na aliyetukanwa hivyo hana pa kushtaki. Krismasi zilipita, ndugu wawili wakitazamana kwa juu ya ua, na watoto wao wakisalimiana kama wageni.

Mwaka 2019 figo za Punnoose zilianza kushindwa. Alisafishwa damu hospitalini mara kwa mara, na tangu Novemba 2023 hakutoka kitandani. Tarehe 5 Februari 2024, jioni ya bajeti, Itty alibisha hodi. Eliyamma alimfungulia bila kumuuliza mumewe.

"Wanakungoja maktaba," Punnoose alisema, uso ukutani.

"Wangoje. Nimekuja kwako."

"Kunihurumia tena? Siku ile ungenisahihisha mbele yao! Ulininyima hata haki ya kukosea."

Itty alikaa kando ya kitanda. "Mimi nilipanga majedwali ya bajeti miaka yote, Kaka, na hakuna aliyenipigia makofi. Nikija likizo nilisimama nje ya dirisha la maktaba kukusikiliza wewe ukipigiwa. Niliona wivu hata nikashindwa kuingia. Ningekusahihisha, ningefurahi mno. Nilijiogopa."

Punnoose aligeuka. "Basi nisahihishe sasa."

Na Itty akamsahihisha, kwa ukali, kama mwanafunzi mzembe: mapokezi ni nini, mapato ni nini, deni linaingia wapi. Punnoose hakumkatiza hata mara moja. Mwisho akasema, "Nenda, watu wanangoja. Lakini usiwachekeshe sana."

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Itty alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Bi. Eliyamma, watoto, Reji wa Kochi na Shiny wa Muscat, wajukuu wanne, na mdogo wake Itty, ambaye kwa agizo la marehemu jina lake linasomwa mwisho, "maana huyo makofi ya mbele ya ubao ameyapata ya kutosha."

Apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna anayepimwa kwa nduguye.