Fimbo Tatu za Kuazima

Walisema sitaweza. Wengine wao wamo humu humu, na kwa heshima ya kikao sitawatazama. Nilipoondoka kwenda kusoma nchi za baridi mlisema, "Yule? Atarudi na koti tu." Nikarudi na koti, na diploma ya mitambo ya umeme ndani ya koti. Mimi, mtoto wa mchukuzi wa bandarini! Taa hizi mnazoonana kwazo, mkono wangu umo.

Basi walimu wametuita leo tuzungumze habari ya bakora na hii inayoitwa haki ya mtoto. Sikuja kulisifia neno hilo. Mpaka leo nikilisikia kinywani mwa mtoto, nauliza kwanza nani kalitia.

Nilimwacha binti yangu ana miaka saba, nikamkuta ana kumi na miwili. Na wakati ule, ndugu zangu, mnaujua: mtu akisikia nyayo uchochoroni hupunguza redio, asije akawa mpelelezi. Nikaona mtoto anachelewa kurudi kutoka skuli. Alasiri inapita, hayupo. "Ulikuwa wapi?" Akapita ndani. Nikapekua mkoba wake. Nikanusa buibui lake. Nikajiambia, ama kuna mwanamume, ama kuna mtu anamdodosa tunayosema nyumbani.

Fimbo sikuwa nayo. Nikaazima kwa ami yangu. Ya pili nikaazima kwa kinyozi jirani, akanisifu: "Sasa ndiyo umerudi kweli!" Ya tatu nililetewa bila kuomba, na mzee mmoja wa msikitini. "Hii ya mtobwe," akasema, "haivunjiki."

Nikampiga, wala sitapunguza neno. Kwangu likabaki neno moja, "Naam, baba" nikimwita, basi.

Mwisho nikamburura hadi kwa bibi anayemfundisha Kurani, nikasema yale yale aliyoyasema baba yangu siku aliyonipeleka mimi chuo cha Kurani: "Bi mkubwa, nyama yako, mifupa yangu." Mpige utakavyo, maana yake, alimradi usimvunje.

Bibi akauweka chini ukili aliokuwa akisuka. "Nyama niifanye nini, mwanangu? Mimi nna bucha?"

"Anachelewa, Bi mkubwa. Hasemi anakokwenda."

"Anakuja hapa! Kila siku anafanya hesabu zake za skuli kwenye baraza yangu. Nikamuuliza, kwani kwenu hakuna meza? Akanambia meza ipo, lakini na baba yupo."

Sikuamini. Nilidhani wamepanga. Nikanyoosha mkono nilichukue daftari lake nihakikishe, na mtoto akajikinga kichwa. Macho yake hayakuwa usoni pangu. Yalikuwa kwenye mkono.

Macho yale nayajua, nawaambia. Nimewahadithia nyote kwamba nilifaulu mara moja. Si kweli. Mtihani wa kwanza kule ng'ambo nilianguka. Mkufunzi alikuja akasimama nyuma yangu, kashika rula ya kupimia tu, na mimi mwanamume mzima nikasahau waya upi unaingia wapi. Nilikuwa nangoja kipigo. Baba yangu yumo kaburini, na bado ananichapa.

Nikamuuliza mwanangu, "Mbona hukunambia?"

"Ungeniamini?"

Nikaurudisha mkono mfukoni.

Namshukuru bibi yule aliyekataa nyama. Na nyinyi wazazi siwaambii mwaachie watoto kamba. Mimi bado nauliza, bado nashuku, ndivyo nilivyo. Lakini ulizeni kwa namna ambayo mtoto anaweza kujibu. Anayekuogopa hawezi kukwambia kweli, na utaishi na mgeni ndani ya nyumba yako.

Siku ya pili yake nilizichukua zile fimbo, nikapita mitaani mchana kweupe kurudisha kila moja kwa mwenyewe. Ami alinuna. Kinyozi akacheka: "Ulaya imekuharibu!" Mzee wa mtobwe akaikagua fimbo yake juu hadi chini. "Imefanya kazi?"

"Imefanya," nikasema. "Imenifukuzia mtoto. Shika."

Nilifika nyumbani jua limeshakuchwa. Binti yangu alikuwa mezani, mezani kwetu, daftari wazi. Akainua macho, akanitazama usoni.

"Baba, ulikuwa wapi?"

Nikavuta kiti, nikamwambia nyumba moja moja, yote.