Tarehe Alizozikosea Mwalimu Eulalia

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi tisa katika Shule ya Msingi ya Xejuyu', Mwalimu Eulalia Xicay Cúmez anastaafu tarehe 31 Oktoba. Tarehe hiyo imetoka serikalini, kwa hiyo haina ubishi. Zipo nyingine zilizokuwa na ubishi mwingi.

Alifika Januari 1994 akiwa na blauzi aliyoifuma mwenyewe, akaambiwa walimu huvaa koti. Akanunua koti. Alilivaa wiki moja, kisha likahamia kwenye msumari nyuma ya mlango, ambako liko hadi leo, jipya kabisa.

Mwaka 1998 alifungua darasa la kusoma na kuandika Kikaqchikel, lugha yetu ya nyumbani. Wazazi hawakulitaka. “Mwalimu, hicho mtoto anakipata bure jikoni,” walimwambia. “Tupe Kihispania, apate kazi mjini.” Wengine hawakusema kitu; miaka ya vita, askari walipokuwa wakiwasaka watu vijijini, ilikuwa imewazoesha kunyamaza. Mkutano wa kwanza walikuja watatu, na mmoja alikuja kuulizia mabati yaliyobaki kwenye paa la shule. Mkaguzi kutoka mjini akatoa neno la mwisho: Jumatano asipokuta wazazi ishirini, darasa analifunga.

Nana Eulalia, kama tunavyomwita kwa heshima, aliona likifungwa, basi angalau watoto waondoke na kitu. Marehemu baba yake alikuwa mhesabu siku, na alimfundisha ile hesabu yetu ya siku mia mbili na sitini, ambamo kila mtu huzaliwa na siku yake, yenye namba na jina, kama Mbwa au Kulungu. Tangu vita, wengi walikuwa wameacha kuuliza siku zao. Akachukua vyeti vya kuzaliwa, akahesabu, na Jumanne kila mtoto akaenda nyumbani na karatasi yenye siku yake.

Hesabu ilikuwa sahihi. Vyeti ndivyo vilivyokuwa na walakini. Hapa kwetu tarehe ya cheti ni siku ambayo baba alipata nafasi ya kushuka mjini. Mwalimu mwenyewe, mzaliwa wa hapa, alilisahau hilo.

Jumatano, kengele haijalia, uwanja ulikuwa umejaa.

“Mwalimu, umempa mwanangu Mbwa!” alilalamika mzee Macario Chalí. “Huyu kazaliwa wiki mbili kabla ya hiyo tarehe ya cheti, siku ya soko. Nakumbuka, nilikuwa nimeshika jogoo!”

“Jogoo unamkumbuka,” alisema mkewe. “Mimi niliyekuwa nazaa je?”

Mkaguzi alipoingia, Nana Eulalia alikuwa ubaoni, jasho linamtoka, akiuliza nani alioa wiki ile na mahindi yalikuwa yamefikia wapi. Vikongwe walikuwa wakihesabu kwa vidole na kusahihishana, wote kwa Kikaqchikel, wote kwa pamoja.

Kisha Mama Tránsito Bal akasema, kwa sauti ndogo, “Na wangu wa kwanza? Aliyezaliwa tumejificha korongoni, akatufia. Yeye hana cheti kabisa.”

Nana Eulalia akamgeukia.

“Lini, mama?”

“Mwaka themanini na mbili. Siku tano baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Hatukupiga fataki mwaka ule.”

Nana Eulalia alihesabu polepole, akarudia. “Kulungu Kumi na Mbili,” alisema. “Siku ya watu wenye nguvu, mama.”

Mama Tránsito alilitamka jina hilo mara mbili, kama anayemwita mtu aliye karibu.

Mkaguzi alihesabu vichwa, akafika arobaini na vitatu, akafunga daftari. Hakuuliza walikuja kwa sababu gani, na hakuna aliyejitolea kumweleza.

Darasa halikufungwa. Mwakani litakuwa na watoto hamsini na wawili, na atakayelifundisha, Mwalimu Irma, binti wa mwisho wa Mama Tránsito, alijifunzia kusoma humo humo.

Juzi wazazi waliomba chaki, wakaandika wenyewe kwenye ubao wa langoni, kwa Kikaqchikel: Ahsante, Nana Eulalia. Uishi miaka mingi, mifupa isikuume, na watu wa kuongea nao wasikupungukie. Sisi wafanyakazi wenzake tulikuwa tumeandaa maneno yetu, lakini haya yametosha, nasi tunayatia sahihi.