Benchi Ambalo Tilly Alilikalia Usingizini

Asubuhi za Juni pale Wirrabi ukungu hauna haraka. Hushuka kutoka kwenye maghala ya ngano, ukajinyoosha barabarani kama mbwa mzee, na benchi la kijani mbele ya duka la mikate la Dot likabaki linaelea ndani yake, halina miguu. Hapo ndipo basi la kwenda mjini Bendigo husimama. Na hapo ndipo hukaa wazee wenyewe wa benchi: Mfupi, ambaye huinama kila akipita mlangoni, Manywele, ambaye kichwa chake hung'aa kama yai, na Buluu, mwenye nywele nyekundu kuliko kutu ya trekta lake. Kwetu mtu hupewa jina la kile asichokuwa nacho, akazeeka nalo. Mimi nilikuwa dirishani kwa Dot, nachuja kahawa. Asubuhi ile Buluu alikuja na barua, hakuisoma, akaikalia.

— Unaatamia, Buluu? — Mfupi akamwuliza. — Tutegemee vifaranga?

— Hii haiangui, inakula. Imetoka kwa watu wa matunzo ya watoto. Wananidai matunzo ya mwanangu Tilly ya mwaka jana mzima.

— Mwaka jana si alikuwa kwako? — Manywele akashusha kikombe.

— Ndiyo nawaambia hivyo! Kahamia kwa mama yake Februari hii, alipoanza sekondari Bendigo. Sasa mtu wao mmoja kaandika Februari ya mwaka jana. Kidole kimemteleza kidogo tu. Mimi nimelala baba, nimeamka mdaiwa.

— Wapigie simu, bwana.

— Nimepiga. Ule muziki wao wa kusubirisha watu, mbwa wangu sasa anaujua. Binti aliyepokea mpole kabisa. Kasema weka pingamizi, mwisho kesho kutwa, ulete ushahidi kwamba mtoto alikuwa akilala kwako.

— Shule si ipo?

— Nikamwambia hivyohivyo. Akasema shule inajua mtoto alikaa wapi mchana. Wao wanahesabu usiku.

Kasuku wa rangi ya waridi walipita juu ya ghala, hatukuwaona, tulisikia kelele zao tu zikizama kwenye weupe.

— Na Leanne anasemaje? — Dot akatoa kichwa dirishani, unga shavuni. Leanne ndiye mama yake Tilly.

— Anaogopa, Dot. Anadhani akifungua mdomo watamgeukia yeye. Simlaumu. — Buluu alisugua magoti. — Ila wakinikata mshahara kama walivyoandika, mafuta ya kwenda Bendigo sina. Ijumaa ndiyo huwa namfuata Tilly, alale kwangu hadi Jumapili. Basi, Ijumaa zangu zimekwisha. Kwa sababu ya usiku niliokuwa naye, wataninyang'anya usiku niliobaki nao.

— Pole, ndugu yangu, — Manywele akasema. — Lakini wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha.

— Sasa hiyo inanisaidia nini?

— Inakusaidia ulale mapema.

— Achana naye, — Mfupi akadakia. — Chukua godoro.

— Godoro gani?

— La Tilly. Godoro halisahau. Mtoto akilala mwaka mzima anaacha bonde lake, bega hapa, goti pale. Tunalipakia kwenye lori la ngano, tunakwenda nalo mpaka ofisini kwao, tunamlaza pale yule aliyekosea tarehe. Akilala ubavu, atajua mwenyewe kwamba bonde lile si lake.

— Yeye mtu mzima, Mfupi. Atalivunja lile bonde.

— Basi tutafute karani mwembamba.

— Wapi na wapi! — Manywele alikwisha pata moto. — Shahidi wako ni yule kunguru wa mwerezi wako, yule mweusi mwenye madoa meupe. Ndege wale wanakumbuka sura mpaka wanakufa. Mwaka jana alikuwa anampiga kila mtu kichwani, mimi hapa kanitoa damu, ila Tilly hakumgusa. Kwa nini? Anajua huyu ni wa nyumba hii, nalala naye jirani, mimi mtini, yeye dirishani. Mlete ndege mbele ya hakimu!

— Akimpiga hakimu je?

— Si ndiyo ushahidi wenyewe? Hakimu hakulala kwa Buluu.

Hata Buluu alicheka, kidogo, kama anayekopeshwa. Nesi mpya wa hospitali alitokea kwenye ukungu na begi lake, akasalimia, akasimama kando kusubiri basi. Jina lake Thuy. Mfupi akasogea kumpisha, naye Thuy akakaa ukingoni, mikono kwenye mifuko ya koti.

— Nyie mnafikiria ofisi ni kama hizi zetu, — Manywele aliendelea, sauti sasa imeshuka, macho yameshikwa na mvuke wa kahawa. — Mimi nawaza ni jengo refu lisilo na madirisha. Ndani taa haizimwi. Wale watu hawajawahi kuuona usiku, ndiyo maana wanauhesabu. Kila mtoto ana rafu yake, na usiku wake umepangwa kwenye chupa, mmoja mmoja, umefungwa vizuri. Sasa karani amepita na kiwiko, chupa za Tilly zimeanguka. Akaona aibu, akazirudisha kwenye rafu ya Leanne.

— Zingevunjika, — Mfupi akasema, naye amekwisha ingia kwenye jengo lile.

— Usiku wa watoto wengine mwepesi, ungevunjika. Wa Tilly mzito ule. Yule hata umshike mkono, umtembeze kutoka hapa mpaka kwao, haamki.

Buluu akageuka taratibu.

— Umejuaje?

— Nimejuaje nini?

— Kwamba haamki. Umejuaje, Manywele?

Manywele akaweka kikombe chini.

— Nilimkuta hapa, — akasema. — Benchi hilihili, kulikuwa bado giza, natoka kuwinda mbweha. Amevaa pajama zake zenye picha za kondoo, macho wazi, hayaoni. Nikamshika mkono nikamrudisha. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Wewe umelala kwenye kochi na buti zako, vumbi la mavuno mpaka kwenye kope. Nikamfunika, nikaondoka. Mara moja tu, kaka. Wallahi mara moja.

— Mara moja yako, — Mfupi akasema polepole. — Mimi nilidhani ni mimi peke yangu. Nikikosa usingizi nilikuwa napita hapa makusudi, kuangalia kama yupo.

Dot alikuwa ametoka nje, anajifuta mikono kwenye aproni.

— Mimi nikiwasha tanuri nilikuwa namwona kwenye kioo cha dirisha. Nilikuwa nampa mkate wa moto aushike, vidole visigande. Halafu namrudisha.

— Makombo, — Buluu akasema. — Kila mara makombo kitandani kwake. Nilikuwa namgombeza! Anaapa hajala kitu, namwita mwongo. Mbona hamkuniambia?

— Tumsemee mtoto wako kwako mwenyewe? — Mfupi akashangaa kweli. — Hapa Wirrabi? Hapa mtu hasemewi, Buluu. Ulikuwa unaendesha mashine usiku na mchana, Leanne ameondoka, umechoka hadi usoni. Nikuongezee na hilo?

— Penye wazee haliharibiki neno, — Manywele akasema.

— Limeharibika, Manywele. Nyamaza.

Kisha Mfupi akaruka, karibu amwage kahawa.

— Lakini jamani! Si ndiyo ushahidi huu? Watu watatu tumemrudisha mtoto kitandani kwake, nyumbani kwa Buluu, mwaka jana! Tuandike!

— Uandike nini? — Buluu hakupandisha sauti. — Kwamba mtoto alikuwa barabarani kwenye baridi, na baba anakoroma na buti? Watanifutia deni, halafu watasema huyu asipewe hata hizo Ijumaa. Nitapona mguu nikatwe kichwa.

Ukungu ulikuwa umeanza kufunguka katikati ya barabara, mstari mweupe ukaonekana, unakwenda kusini, unakwenda, unakwenda.

Ndipo nesi akazungumza. Hakuwa anabishana na mtu. Aliuliza kama anavyouliza mtu aliyekuwa anasikiliza hadithi na kipande kimoja kimempita.

— Samahani, wazee wangu. Alikuwa anamsubiri nani?

Dot akatazama bango la ratiba ya basi juu ya vichwa vyao, bango ambalo limekuwa pale miaka yote, na ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliunganisha na mtoto yule. Leanne aliondoka na basi. Tulimwona tukiwa tumekaa hapahapa. Manywele alimpandishia sanduku.

Basi likaja. Taa zake zilitangulia, kisha pua, kisha lote. Mlango ukapumua, ukafunguka. Hakushuka mtu. Thuy akatuaga, akapanda. Buluu aliuangalia mlango ule mpaka ulipofungwa, na bado akawa anauangalia basi lilipokwisha ondoka. Halafu akahama, akakaa pale ukingoni alipokuwa nesi. Akaweka kiganja kwenye ubao, akakizungusha, kama anayetafuta lile bonde alilolisema Mfupi.

— Hapa? — akauliza.

— Hapohapo, — Dot akajibu. — Vidole vya miguu tu ndivyo vilikuwa vinagusa chini.

— Leteni karatasi.

Karatasi hazikuwepo. Nikatoa mifuko ya pai, ile myeupe, na kalamu iliyofungwa uzi kwenye kaunta. Mfupi akapiga magoti kwenye lami, benchi likawa meza yake.

— Niandike yote?

— Yote uliyoniambia. Na mlango wa nyuma.

— Na buti?

Buluu akavuta pumzi.

— Na buti. Nilikuwa nimelala, andika. Alikuwa kwangu, na mimi nilikuwa nimelala. Nikiwaficha hilo watauliza nyie mmejuaje, mtaanza kudanganya, na nyie kudanganya hamjui. Hapo afadhali waamini habari za ndege wa Manywele.

— Ndege yule anaweza kuja, — Manywele akanong'ona.

Waliandika. Herufi za Mfupi zilikuwa ndefu kama yeye. Dot aliandika habari za mkate, akafuta, akaandika tena. Nilikwenda kuwaongezea kahawa, birika likatoa matone na mashapo, basi.

— Buluu, — Mfupi akainua kichwa. — Na lile la nesi? Alikuwa anamsubiri nani. Niandike nini pale?

Buluu alikuwa ameshakunja mfuko wa Manywele mara mbili, anauingiza kwenye koti pamoja na ile barua iliyokunjamana kwa kukaliwa.

— Acha wazi, — akasema. — Hilo si la ofisi. Ijumaa nikimfuata, nitakwenda na basi, nishuke naye hapahapa.