Fundi Aliyefungua Mlango: Sylvanus Nyabuto Machogu, 1984–2025

Ndugu yetu Sylvanus Nyabuto Machogu alizaliwa tarehe 6 Mei 1984 hapa Sironga, kifungua mimba wa Mzee Alfayo Machogu na Mama Jemimah. Anayewasomea haya ni mimi, Sharon Nyamoita, niliyemfuata kuzaliwa. Familia imenichagua kwa sababu nimebishana naye tangu utotoni, na mtu unayebishana naye ndiye unayemjua.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, akaenda sekondari na kuacha masomo katika kidato cha pili mwaka 2001, karo ilipokosekana. Hakulia. Alichukua msumeno akaanza kukata mikaratusi ya watu, na kwa miaka mingi hakuna aliyempita kwa kupanda mti. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Nyamache, ambako alikwenda kupasua mbao za boma fulani akarudi na habari za binti wa boma hilo, Gladys Nyanchera. Walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 2010. Mungu aliwajalia watoto wawili, Duke Ochoki na Kerubo.

Tarehe 9 Agosti 2014 tawi lilikatika naye akiwa juu. Uti wa mgongo uliumia, na tangu siku hiyo miguu yake haikusimama tena. Mwaka 2017 aliandikishwa kupokea msaada wa serikali kwa watu wenye ulemavu mkubwa. Wapo hapa waliosema Nyabuto anakula bure. Pesa hiyo ilinunua mipira ya mkojo na dawa ya vidonda vya mgongo. Bila mipira, figo huharibika, na figo zikiharibika mtu hufa. Sijui hapo bure iko wapi.

Lakini mwanamume wa miaka thelathini na kitu hawezi kulala akitazama mabati. Mwaka 2020 rafiki yake Otiende, fundi wa nguo mjini Nyamira, alimpa cherehani yake ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono, akamfundisha. Mikono iliyozoea msumeno ilijifunza upesi. Shida ilikuwa nyingine. Sokoni ilisemwa kwamba mtu wa msaada akionekana anafanya kazi anaondolewa, na kwamba kuna mtu wa upande wa Keroka alilazimishwa kurudisha kila alichopokea. Nani huyo? Hakuna aliyemjua. Lakini hofu haiulizi jina.

Basi Sylvanus alishona mlango ukiwa umefungwa. Gladys alipeleka nguo kwa wateja na kuwaambia, "Ni fundi wa Kisii ameshona." Vipimo Sylvanus alivichukua kwa macho, kanisani, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, na mimi nilidhani anasali. Sare za kwaya mnazoziona leo ni kazi yake. Kiongozi wetu wa kwaya, siku alipovaa koti lake mara ya kwanza, alisema mbele ya Sylvanus mwenyewe, "Huyu fundi wa Kisii ananijua kuliko bibi yangu!" Sylvanus aliinamisha kichwa akakohoa mpaka Gladys akamtoa nje.

Tulicheka, lakini ndani hatukucheka. Kila pikipiki iliyosimama njiani ilinyamazisha cherehani. Watoto walifundishwa kusema baba amelala. Na baba yetu, Mzee Machogu, alikuwa mzee wa kijiji, yule anayesimama mbele ya maafisa na kuthibitisha hali ya kila mtu. Alikuwa mzee wa kanisa pia. Hajawahi kusema uongo, na ametuchapa sana kwa ajili ya huo wetu.

Hapo ndipo familia ilipojificha nyuma ya chinsoni. Sisi Abagusii tunajua: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima, tumezaliwa nayo. Kwa hiyo tuliambiana kwamba Mzee akiulizwa atasema hajaona kitu, na itakuwa kweli. Wazo lilikuwa langu, na nililiona la busara sana.

Tarehe 15 Machi 2022, siku ya Jumanne, afisa alikuja kukagua. Alikuwa dada wa upande wa ziwani, Bi Aluoch, mpole lakini macho yake hayakutulia. Naibu wa chifu alikuwa naye. Majirani walijaa uani kana kwamba kuna posa. Mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani Sylvanus alikuwa kitandani, blanketi mpaka kidevuni, na cherehani chini ya kitanda.

"Mzee, huyu kijana yako anafanya kazi yoyote?" Bi Aluoch aliuliza.

"Madam, hiyo ni nyumba ya mtoto yangu na ameoa. Mimi sijawahi kuingia huko," Mzee alijibu.

"Hiyo heshima naielewa. Lakini sijauliza kama umeingia. Nauliza unajua nini."

Kila asubuhi Mzee alipita nyuma ya nyumba ile akaisikia cherehani, na sisi sote tulijua anasikia. Alishika fimbo kwa mikono miwili. Nilimwona baba yangu, akiwa na miaka sabini, akitafuta namna ya kusema uongo, na hakujua pa kuanzia. Niliona aibu ambayo sijaimaliza.

Ndipo tukaisikia. *Krrr, krrr, krrr.* Sylvanus alikuwa amejivuta mpaka sakafuni, akaizungusha cherehani pale pale chini, bila kitambaa, bila uzi. Gladys alifunika mdomo kwa leso.

"Tata, wacha!" alimwita baba kutoka ndani. "Usiseme uongo juu yangu. Madam, kuja uone. Mimi ndiye fundi wa Kisii!"

Bi Aluoch aliingia. Alikaa humo muda mrefu, nasi uani tulikuwa tumeshaanza kumzika Sylvanus akiwa hai. Alipotoka alisema, "Nilitumwa kuona kama yuko hai na hali yake ikoje. Yuko hai, na miguu bado. Hii ya cherehani nitaiandika vile nimeiona. Ofisi itaamua."

Msaada ulikaa miezi bila kuingia. Watu walitucheka. "Tuliwaambia," walisema, na wengine kati yao wamekaa hapa mbele na soda mkononi. Miezi hiyo cherehani ndiyo iliyonunua mipira. Halafu siku moja simu ya Gladys ililia, na pesa ilikuwa imeingia, bila onyo wala maelezo. Miaka miwili tulikuwa tumemfungia ndugu yetu gizani kwa ajili ya swali ambalo hatukuthubutu kuliuliza.

Tangu hapo mlango haukufungwa tena mchana. Wateja walimjia wenyewe. Mzee alileta kigoda chake, akawa anakaa kila asubuhi nje, mbele ya mlango, hatua mbili kutoka kizingitini. Mmoja ndani, mmoja nje, waliongea habari za majani chai na mechi, na cherehani katikati.

Mwaka huu figo zilianza kumsumbua, na alilazwa mara mbili. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, Gladys alikuwa shambani akichuma chai. Cherehani ilisimama katikati ya mshono. Mzee aliita, "Sylvanus?" Akaita tena. Sauti ndogo ikajibu, "Tata, niko huku."

Mzee aliinuka akavuka kizingiti.

Nilipofika nilimkuta amekaa sakafuni, kichwa cha mwanawe mapajani, anamwimbia wimbo wa Sabato. Sylvanus alikata roho kabla gari halijafika. Najua yanayonong'onwa tangu juzi, kwamba Mzee amevunja chinsoni na asikae mbele leo. Wazee watakaa na kulizungumza, na kama kuna la kutakaswa litatakaswa. Ila leo Mzee ataketi pale alipoketi.

Marehemu ameacha wazazi wake, Mzee Alfayo Machogu na Mama Jemimah. Mjane wake, Gladys Nyanchera. Watoto wake, Duke Ochoki na Kerubo. Nami dada yake. Ameacha pia shati la Duke la shule, mkono mmoja haujashonwa. Otiende alitaka kulimalizia. Duke amekataa, amelivaa hivyo hivyo.

Pumzika kwa amani, fundi wa Kisii. Baba yako ameingia, na mlango tumeuacha wazi.