Mashini ya Papa Magloire na pikipiki iliyosaga mihogo

Wapendwa katika Kristo, familia inaomba mukae, na kama kicheko kitawatoka mbele ya sanduku hili, musikimeze, kwa sababu Papa Magloire Bauma hakupenda watu wanaonuna kanisani.

Alizaliwa Nyabiondo, Masisi, tarehe 14 Machi 1971, kwa wakulima wa maharagwe, akasoma hapohapo, kisha sekondari Masisi, akapata diploma mwaka 1991. Alianza ukarani Walikale, vita vya 1996 vikamkuta huko, akakimbilia Kibua, ambako Mama Kaswera, binti wa wafanyabiashara wa Butembo, alimuuzia chumvi na kumcheka kwa viatu vyake visivyofanana. Walifunga ndoa tarehe 10 Julai 1999, Mungu akawapa Carmel, Jules na Sidonie.

Mwaka 2010 alihamia Kitshanga, kwenye biro, yaani ofisi, ya vinyeti, ile karatasi ambayo kila pikipiki huilipia upya kila mwaka. Aliumia moyo kuona wamotari, wale wanaobeba abiria kwa pikipiki, wanaoendesha kama waliofukuzwa na nyuki wakihudumiwa upesi kwa kuwa ni shemeji wa fulani, na wale waangalifu wakingoja nje. Basi alijifunza ordinatere, yaani kompyuta, kwa masista wa Goma, na Januari 2014 akaiwekea mashini hiyo ya biro sheria yake: zahanati na polisi wanaingiza ajali, na motari asiyeangusha mtu mwaka mzima anapata vinyeti kwa nusu bei, bila kumbembeleza yeyote. Mkuu wake alikubali kwa sharti kwamba, siku itakapowaaibisha, itazimwa.

Mwaka uliofuata, mbele ya kiwanja kizima cha wamotari, mashini ilimtaja wa kwanza kwenye orodha ya nusu bei Mama Nyiransabimana, mjane asiyejua hata kuwasha pikipiki. Alikuja na unga kwenye nywele, akaeleza kwamba vita vilipofunga barabara alitoa injini ya pikipiki ya marehemu mume wake, ambayo biro bado iliiandika kwa jina lake, akaifunga kwenye kinu.

"Papa Magloire," akasema, "mashini yako haidanganye. Pikipiki haijaangusha muntu, iko inasaga mihogo."

Wamotari walicheka hadi wakakaa chini, wakadai mama apewe zawadi yake, maana kinu chake kina breki kuliko wote. Mkuu alitaka kuzima mashini palepale, lakini Papa aliomba juma moja tu, kwa kuwa alikuwa ameliona kosa: alikuwa anasifu pikipiki zilizolala, na kuwasahau waliobeba wajawazito kutoka Mweso kwenye tope na vizuizi. Akaamua kwamba kila abiria, akishuka salama, atume kwa simu namba ya pikipiki na neno moja, "Nimefika," na mashini ihesabu hizo. Safari hiyo ilimtaja Jean-Bosco, ambaye wenzake walimwita Konokono, na mkuu mwenyewe akapanda nyuma yake kurudi nyumbani.

Tangu hapo Papa naye, hata akienda shambani tu, alimwandikia Mama Kaswera, "Nimefika." Figo zilimshika mwaka 2018, na alipolazwa Goma aliandika vilevile, kisha tarehe 19 Oktoba 2019, akiwa amepokea sakramenti, Bwana alimwita.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliopika, wenzake wa biro, na wamotari waliosindikiza sanduku polepole, bila hata mmoja kumpita mwenzake.

Papa, ujumbe wa safari hii haujaingia kwenye simu ya Mama, lakini sisi tunaoamini tunajua kwamba umefika. Pumzika kwa amani.