Dakika Nne za Bwana Saa

Tarehe 31 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu bila kuchelewa kazini hata siku moja, mkuu wa stesheni yetu anavua kofia na kustaafu. Barua zake za kazi zinamwita kwa jina refu. Sisi na mtaa mzima tunamwita Bwana Saa. Nimeombwa mimi niandike wasifu wake, na sishangai, maana hapa stesheni hakuna anayemjua kunishinda. Shule niliishia darasa la sita, lakini ni mimi niliyevusha kabati la milango mitatu daraja la reli peke yangu, mwenye kabati akinishikia kofia. Kalamu itanishinda kwa uzito gani?

Alipoanza kazi, stesheni ilikuwa jukwaa moja, benchi moja na bomba lisilotoa maji. Tulianza pamoja uchukuzi. Mizigo mizito nilibeba mimi, yeye akabeba tabasamu, ndiyo maana alipandishwa kwenda dirisha la tiketi nami nikabaki na masanduku. Leo tuna majukwaa mawili, chumba cha kusubiria chenye mlango unaofungika, na kabati la vitu vilivyosahauliwa. Humo amewarudishia watu miavuli, viatu, na mara moja meno ya bandia, ambayo mwenyewe aliyavaa pale pale dirishani ndipo akaweza kushukuru.

Lakini habari ya Bwana Saa ni ile saa kubwa ya ukutani inayotazama barabarani. Alikabidhiwa ufunguo wake mwaka wa sita wa kazi. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa za wakubwa, kwa hiyo mtaa mzima ulitazama pale. Kulikuwa na bibi mmoja fundi cherehani, mguu wake mmoja mbovu, aliyeachwa mara tatu na treni ya asubuhi akiwa juu ya daraja, akiiona inavyoondoka chini ya miguu yake. Bwana Saa akampima: kupanda na kushuka, dakika nne kamili. Kesho yake akaisogeza saa mbele dakika nne, asimwambie mtu ila mimi. Bibi hakuachwa tena.

Haukupita mwezi, na sitasema nani aliropoka, mtaa wote ukajua. Watu wakawa wanatazama saa, wanatoa nne, wanamalizia chai yao. Ukimwona mtu anakimbia, mwenzake anamwambia, "Tulia shemeji, hiyo ni saa ya Bwana Saa." Bibi peke yake ndiye aliyekataa kutoa. Miaka mitano tuliishi hivyo kwa raha.

Ndipo akaja mkaguzi kutoka makao makuu, siku ambayo Bwana Saa alikuwa mapumzikoni. Akatazama saa ya mkononi, akatazama ya ukutani, akaomba ngazi. Ngazi nilimshikia mimi, nikidhani anapangusa kioo. Akairudisha saa nyuma dakika nne, akashuka.

Asubuhi yake treni ya saa kumi na mbili na dakika arobaini ikafika, ikasimama, ikaondoka na mkaguzi wake. Jukwaani alikuwa amehesabu abiria watatu, mmoja amelala. Dakika tatu baadaye mtaa ukamiminika, watu wanatembea polepole wakipiga soga, wakakuta reli tupu. "Treni imewahi," alilalamika mwalimu mmoja. "Nayo iandikiwe adhabu."

Kicheko kilikwisha wiki mbili baadaye. Barua ilikuja: stesheni haina abiria wa asubuhi, kuanzia mwezi ujao treni hiyo itapita bila kusimama. Bila treni ile, walimu, wauguzi na mafundi wa mtaa huu walikuwa watembee saa mbili hadi kazini. Aliyejua sababu ni Bwana Saa, na kuieleza ilikuwa kukiri kwamba ameidanganyisha saa ya reli miaka mitano. Kosa hilo ni la kufukuzwa, na nyumba aliyokaa na mkewe na watoto wanne ilikuwa ya reli. Mimi nilimshauri kiutu uzima: funika kombe, mwanaharamu apite. Akanijibu, "Uongo ni wangu, Mjomba. Treni ni yao."

Akaandika barua kwa mkono wake, akaipeleka mwenyewe makao makuu.

Mkaguzi akarudi. Dirishani Bwana Saa alikuwa amebandika tangazo kubwa: SAA HII HAIDANGANYI TENA. Mkaguzi alihesabu mia nne na kumi na wawili, penseli ikavunjika. Mimi nilifika elfu mbili, lakini hawakuniuliza. Treni ikaendelea kusimama mpaka leo. Bwana Saa akapewa karipio kali, ambalo amelitia kwenye fremu ofisini, pamoja na amri ya kutoigusa saa tena.

Saa hakuigusa. Lakini mguu wa bibi ulikuwa ule ule, kwa hiyo akachukua kengele ya shaba isiyo na mwenyewe kutoka kabati la vilivyosahauliwa. Kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili, dakika nne kabla ya treni, amekuwa akisimama chini ya daraja upande wa barabara na kuipiga. Bibi hashoni tena siku hizi. Wajawazito, wazee na wavivu bado wanaisikiliza.

Wiki iliyopita nilimfuata kwa siri alipokuwa anavuka daraja, mimi nikiwa na saa mkononi. Goti lake si la jana. Alisimama mara mbili akijifanya anakagua reli, akafika upande wa pili kwa dakika nne kamili.

Kwa hiyo ndugu yetu, tarehe 31 jioni, utakapokwenda kwa binti yako kama abiria kwa mara ya kwanza, kengele itakuwa mkononi mwangu. Asante kwa treni yetu. Tunakuombea mapumziko marefu yenye afya. Ukiisikia inalia, panda taratibu. Muda wako upo.

Mjomba wa Mizigo